Kwa Nini Unataka Kutangulia?

Mwezi uliopita binti mmoja wa usharika wetu alikuja nyumbani baada ya ibada ya kwanza. Akaniamkia, akavuta kigoda, akatoa karatasi kwenye mkoba wake. Alikuwa ameomba nafasi ya mafunzo ya kuongoza vikundi vya wasafiri, na kati ya vitu alivyotakiwa kuambatisha ni barua ya mzee wa kanisa ya kuthibitisha mwenendo wake. Jambo hilo halikunipa shida. Ninamfahamu tangu alipobatizwa. Kilichonipa shida ni ukurasa wa pili, mahali palipoandikwa: "Eleza kwa maneno yako mwenyewe kwa nini unataka kuwa kiongozi wa vikundi." Chini yake alikuwa amejaza mistari miwili tu. Alisema anapenda sana kusafiri, na anapenda watu.

"Baba, unaonaje?" aliniuliza. "Inatosha?"

Nilimwomba aniachie karatasi zile mpaka Jumatano. Alifikiri nahitaji muda wa kuandika barua, lakini ukweli ni kwamba lile swali lilikuwa limenishika mimi mwenyewe. Nimepanda mlima Kilimanjaro kwa miaka ishirini na miwili, kwanza nikiwa mpagazi, kisha msaidizi, mwishowe kiongozi wa msafara. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyeniuliza kwa nini nataka kutangulia mbele za watu. Na mimi sikujiuliza.

Ndugu msomaji, huenda wewe si mtu wa milima. Lakini kama ni mzazi, mwalimu, mwenyekiti wa kwaya, mwinjilisti au msimamizi wa kikundi cha kuweka na kukopa, kuna watu wanaotembea nyuma yako. Kwa hiyo swali la binti huyu ni lako pia.

Nianze na lile neno lake la kwanza, kupenda kusafiri. Sitaki kulidharau. Wazee walisema, tembea uone, na binti huyu ametembea. Alikwenda na kwaya ya vijana mpaka Mwanza na Bukoba. Kwa akiba ya kuuza juisi alifika Lushoto, Bagamoyo, Kilwa na Unguja. Akiwa na miaka ishirini na minne ameiona nchi yake kuliko wengi wetu tunaozeeka chini ya migomba. Mungu aliyemwambia Abrahamu aondoke katika nchi yake hawezi kuchukia miguu inayopenda njia.

Hata hivyo kupenda safari na kuongoza safari ni mambo mawili. Anayependa safari hupokea. Njia humpa upepo, sura mpya, chakula kigeni, na hadithi ya kurudi nayo nyumbani. Anayeongoza hutoa. Njia ile ile aliyoipita mara arobaini anaipita tena, na safari hii si yake, ni ya mtu anayeiona kwa mara ya kwanza. Kule mlimani nilijifunza kwamba kiongozi hatazami kilele, bali nyuso. Anamtazama yule aliyekuwa akitania tangu asubuhi na sasa amenyamaza. Anamtazama aliyeacha chakula, anayeyumba kidogo akifunga kamba za viatu, na yule anayesema "sijambo" mara tatu bila kuulizwa. Pale Uhuru, kwenye mita 5,895, kila pumzi humpa mtu karibu nusu tu ya oksijeni ambayo angeipata pwani. Kichwa chenye maumivu ya kawaida na kichwa chenye hatari vinafanana kwa nje, na mwenye kichwa ndiye wa mwisho kujua tofauti.

Kuna methali inayosema, msafiri maskini ajapokuwa sultani. Sijaona mahali inapothibitika kama kule juu. Nimeongoza watu wenye mali ambayo siwezi kuihesabu. Usiku wa kupanda kilele, saa tisa, katika baridi inayogandisha maji ndani ya chupa, kila mmoja wao alikuwa maskini. Hakujua alipo, hakujua amebakiza mwendo gani, na uhai wake uliutegemea uamuzi wangu. Kwa hiyo kabla ya kuuliza kama kijana anapenda watu, tuulize atafanya nini na umaskini wao watakapokuwa mkononi mwake.

Katika Hesabu sura ya 10 kuna habari ndogo ambayo huwa tunairuka tukiharakia mambo makubwa. Waisraeli wako tayari kuondoka Sinai. Wanalo wingu la Bwana la kuwaongoza. Lakini Musa anamwendea Hobabu, mtu wa ukoo wa mkewe, mzoefu wa jangwa lile, anamsihi asiwaache, kwa sababu anajua mahali pa kupiga kambi, naye atakuwa kwao badala ya macho. Ninapenda kwamba Musa hakuona aibu kuwa na wingu la Mungu na bado kumhitaji mtu anayejua visima viko wapi. Na ninapenda neno lile, macho. Jicho huona kwa ajili ya mwili wote, wala halijioni lenyewe. Kiongozi anayejitazama namna anavyoongoza amekwisha kuacha kuwa jicho.

Lakini kuijua njia peke yake si wema, na hapa lugha yetu inatukumbusha jambo lenye uchungu. Katika misafara ya karne ya 19, iliyotoka pwani kwenda Tabora na Ujiji, aliyetangulia aliitwa kirangozi. Alikwenda mbele na bendera, amevaa mavazi ya kupendeza, na haikuwa ruhusa kumpita njiani. Walikuwapo makirangozi hodari, watu waliojua maji yako wapi na mtemi gani hudai hongo. Lakini baadhi ya misafara ile ilibeba pembe za ndovu, na mingine iliwaleta pwani watu waliofungwa minyororo. Aliyewatangulia aliijua njia barabara, na aliwafikisha salama mahali ambapo hawakupaswa kufika kamwe. Tangu nilipolitafakari hilo siamini tena kwamba uhodari wa kuongoza unatosha kumhesabia mtu haki.

Mlima wetu nao una historia yake ya watangulizi. Mei 11, 1848, mmisionari Johannes Rebmann, aliyetoka Rabai karibu na Mombasa, aliona weupe juu ya Kilimanjaro akatambua kwamba ni theluji. Ulaya wataalamu wengine walikataa kumwamini kwa miaka. Aliyemfikisha hapo ni Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyeijua njia ya Uchagani, na habari zinasema kwamba Rebmann alipouliza kile cheupe ni nini, kiongozi wake alijibu tu kwamba ni baridi. Oktoba 1889 Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kileleni, na Wachagga wanamtaja Yohani Kinyala Lauwo wa Marangu kuwa kijana aliyewaongoza. Leo kuna barafu yenye jina la Rebmann, kilele chenye jina la Meyer pale Mawenzi, na kreta yenye jina la Reusch, mchungaji wa Kilutheri aliyeupanda mlima mara nyingi. Siwanyimi heshima yao. Nasema tu kwamba wengi wa waliobeba unga, hema na kuni za safari zile majina yao hayakumbukwi. Anayetangulia huandikwa. Anayebaki nyuma na mzigo hasahauliki kwa sababu ya ubaya wa mtu. Husahaulika kwa sababu hakuna aliyegeuka kumtazama.

Sasa niseme juu ya nia. Kanisani tunapenda kusema kwamba mtu aongoze kwa moyo safi, akiwa na nia moja tu, ya kumtumikia Mungu. Ni maneno mazuri, lakini yakisemwa hivyo tu huwafanya vijana waongo. Mimi nilianza kubeba mizigo kwa sababu baba alikuwa amefariki na wadogo zangu walihitaji ada. Hiyo ni fedha. Nilitaka kuwa kiongozi kwa sababu nilichoka kuitwa "wewe" na kupewa amri na watu walionizidi umri kwa miaka miwili. Hiyo ni heshima. Na nilikuwa naupenda mlima wenyewe, ukungu wa asubuhi ukiondoka Shira na jua likiigusa Kibo. Hayo ni mapenzi. Yote matatu yalikuwamo ndani yangu kwa pamoja, na hata leo siwezi kuyatenganisha. Nia ya mwanadamu ni kama mchele wa sokoni. Unauchambua kwenye ungo kwa uangalifu, na bado mezani unatafuna kijiwe.

Tena fedha si dhambi. Paulo alishona mahema, na Bwana mwenyewe alisema mtenda kazi anastahili ujira wake. Kutaka kuonekana nako si dhambi kila mara, maana mtoto asiyeonekana na mtu yeyote hunyauka. Hatari haimo katika kuwa na nia nyingi. Hatari ni kutojua ni ipi itakayokaa mbele siku ya mvua. Siku ya jua nia zote hutembea pamoja kwa amani. Ikinyesha, moja hutangulia na nyingine zinafuata, na hapo ndipo mtu anapojua yeye ni nani.

Siku yangu ya mvua ilikuwa Januari 1998, mwaka ule wa El Nino, mvua ilipokataa kukatika. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kukabidhiwa msafara mzima: wageni wanane, wasaidizi wawili, mpishi, na wapagazi ishirini na kitu. Tulipanda kwa njia ya Machame. Siku ya tatu wageni hupandishwa mpaka Lava Tower, mita 4,600, ili miili izoee, kisha hushushwa kulala Barranco, chini kidogo ya mita 4,000. Wapagazi hawapiti huko juu. Wao hukata kwa njia ya chini, wawahi kusimamisha kambi. Kwa hiyo siku hiyo, kwa saa nyingi, kiongozi hawaoni watu wake.

Mvua ilitukuta juu, ikageuka kuwa barafu ndogondogo zinazochoma uso. Niliwahesabu wageni kila nusu saa. Nane. Nane. Nane. Nilijivunia kuhesabu kwangu. Tulifika Barranco saa kumi jioni, kwenye ile miti ya ajabu iliyosimama kama mishumaa mikubwa, wote wakiwa wazima. Chai ikaletwa na bisi. Kisha mpishi akanivuta pembeni akaniambia hema la kulia chakula halijafika.

Nilikasirika. Nataka uelewe vizuri nilikasirikia nini. Nilikasirika kwamba wageni wangekula wamejikunyata kwenye mahema yao madogo. Niliuliza, "Hema liko wapi?" Sikuuliza liko na nani. Mpagazi mmoja mzee akasema kwamba limebebwa na yule kijana wa safari ya pili, na kwamba hana koti la mvua. Nikajibu, "Atafika." Nikarudi kuwaeleza wageni mpango wa kesho.

Saa moja usiku wapagazi wawili waliwasha tochi wakarudi nyuma bila kuniomba ruhusa. Kama wangeniomba, sijui ningewajibu nini. Walimkuta ameketi chini ya jiwe, haongei, hatetemeki tena. Wenye uzoefu wa mlima wanajua kuacha kutetemeka kuna maana gani. Waliuacha mzigo pale pale, wakambeba kwa zamu, wakamlaza kati yao usiku kucha. Alfajiri alishushwa akishikwa mikono na mwenzake. Baadaye nilisikia kwamba aliugua mapafu kwa muda mrefu, na hakupanda mlima tena.

Sisi tuliendelea. Wageni wote wanane walifika Uhuru. Pale geti la Mweka walitoa hotuba, wakasema hawajawahi kuona kiongozi anayejali kama mimi. Nilipata bakshishi kubwa kuliko nyingine yoyote niliyokuwa nimepata. Sehemu ya yule kijana nilimpa mwenzake ampelekee. Mimi mwenyewe sikwenda.

Kwa miaka mingi niliisimulia safari hiyo kama mafanikio. Na kwa hesabu ya karatasi, yalikuwa mafanikio. Nilikuwa nimewapenda watu kweli, lakini nilipenda wale ambao upendo wangu kwao ungeonekana. Wale ishirini na kitu waliobeba chakula changu na kitanda changu hawakuingia katika hesabu. Mchungaji wa mfano wa Yesu hakugundua upungufu wa kondoo mmoja kwa bahati. Aligundua kwa sababu alihesabu wote mia, wakiwamo wasiotoa sufu nzuri.

Siku hizi mambo yamebadilika kiasi. Mizigo hupimwa kwenye mizani getini, na mpagazi hapaswi kubeba zaidi ya kilo 20. Ni jambo jema, na waliolipigania wabarikiwe. Lakini mizani inapima mzigo. Haimpimi anayetangulia.

Nikiwa na karatasi za binti mezani, nilifungua Mwanzo sura ya 33. Yakobo amepatana na Esau baada ya miaka mingi. Esau anataka waende pamoja, yeye na watu wake mia nne wenye nguvu. Yakobo anakataa kwa upole. Anasema watoto ni wachanga na mifugo inanyonyesha. Wakiendeshwa kwa nguvu siku moja tu, watakufa. Yeye atakwenda polepole, kwa mwendo wa watoto. Sisi wa mlimani tunawaambia wageni "pole pole" mpaka wanaiimba kama wimbo. Tunawaambia kwa ajili ya mapafu yao. Sikujua kwamba neno lile lina kipimo kingine: mwendo halali wa msafara ni mwendo wa aliye dhaifu kuliko wote ndani yake, si wa aliyelipa.

Kisha nikawaza juu ya wana wa Zebedayo. Yakobo na Yohana walimwendea Yesu wakitaka kuketi mmoja kuume na mmoja kushoto katika utukufu wake. Wale kumi wengine walikasirika, nadhani kwa sababu nao walikuwa wakizitaka nafasi hizo hizo. Zamani niliisoma habari hii kama karipio. Sasa naisoma tofauti. Yesu hakuwaambia, "Acheni kutaka kuwa wakubwa." Aliwauliza kama wanaweza kukinywea kikombe chake. Hakuizima hamu yao. Aliionyesha njia inakopita. Akawaambia kwamba anayetaka kuwa wa kwanza awe mtumwa wa wote. Kwa hiyo kijana akija kwetu akisema anataka kuongoza, tusimwambie ni kiburi. Tumwonyeshe kikombe, kisha tumwache ajibu mwenyewe.

Kikombe chenyewe ni nini? Kwa kiongozi wa msafara, mara nyingi ni kugeuka. Mwenzangu mmoja aliwahi kuongoza mgeni aliyekuwa ameweka akiba miaka sita kwa ajili ya safari ile. Wakiwa wamebakiza mwendo wa saa moja tu kufika kileleni, mgeni akaanza kusema maneno yasiyounganika. Mwenzangu aligeuka naye. Mgeni alilia, akamtukana, na bakshishi hakutoa. Msaidizi akaendelea na wengine, wakapiga picha kileleni, na mwenzangu hayumo katika picha ile. Ninapofikiria habari zake humkumbuka Musa juu ya Nebo, akiionyeshwa nchi yote kwa macho, asiingie. Miaka arobaini amewaongoza watu kwenda mahali ambapo yeye hakufika. Sababu zao si sawa, najua, maana Musa alikuwa na kosa lake. Lakini wote wawili wanatufundisha kwamba safari si mali ya anayetangulia. Anayeongoza ili na yeye afike hatajua wakati wa kugeuka.

Jumatano binti alikuja. Nilimwambia mistari yake miwili si ya uongo, lakini hainiambii kitu. Nikamwuliza ni lini hasa aliona kwamba anaitaka kazi hii. Alifikiri kwanza. Kisha akasema, "Ni ule usiku basi letu la kwaya lilipoharibika tukirudi kutoka Mwanza. Giza lilikuwa nene, watu wakashuka, kila mtu akaenda upande wake. Nikachukua orodha ya wanakwaya na tochi ya simu, nikawa napita kuangalia nani yuko wapi. Mama mmoja alikuwa amevimba miguu, amekaa nyuma ya basi peke yake, anaona aibu kusema. Nikakaa naye mpaka fundi alipofika." Akacheka kidogo. "Sijui nisemeje, Baba. Nilipenda kujua kila mtu yuko wapi."

Sikuweza kumjibu mara moja. Nikamsimulia habari ya Barranco. Sikuwahi kumsimulia mtu kwa namna ile, bila kuruka lile swali la hema. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza kwa adabu, akiangalia chini, "Na wewe Baba, ulikwenda kumwona?"

Nilisema hapana.

"Yuko hai?"

Nilisema nadhani yuko hai. Tukanyamaza. Nimekuwa mzee wa kanisa kwa miaka kumi na moja. Nimewapatanisha wanandoa na ndugu waliogombania mipaka ya kihamba. Nimewaambia watu wengi kwamba asiyeomba msamaha anatembea na jiwe kiatuni. Lakini binti wa miaka ishirini na minne, aliyekuja kuniomba barua, ndiye aliyenionyesha njia siku ile. Ndipo nilipoelewa kwamba anayetangulia hujulikana kwa swali analouliza, si kwa mahali anaposimama.

Jumamosi nilipanda bodaboda mpaka upande wa Machame. Haikuchukua saa moja. Kwa miaka zaidi ya ishirini na mitano alikuwa karibu nami kiasi hicho. Nilimkuta akikata majani ya ng'ombe, mwanamume wa makamo, mvi zimeanza, kifua bado kinamsumbua wakati wa baridi. Alinitambua kabla sijajitambulisha. Nilisema nilichokwenda kusema. Nilisema kwamba siku ile niliuliza hema badala ya kumwuliza yeye, na kwamba naomba anisamehe.

Alinisikiliza akiwa amesimama na panga mkononi. Kisha akauliza, "Lile hema, lilipatikana?"

Nikamwambia lilipatikana asubuhi ile ile, wapagazi walirudi kulichukua, halikuchanika hata kidogo. Alishusha pumzi ndefu. Akaniambia kwamba siku zote alidhani limepotea. Alishushwa alfajiri asijue, akaugua, na alipopona aliogopa kurudi getini kutafuta kazi, kwa kuwa alifikiri atadaiwa hema. Kwa sababu hiyo hakupanda tena. Mapafu yake yalikuwa yamepona vya kutosha. Kilichomzuia ni deni ambalo halikuwapo, na mimi peke yangu ningeweza kumwambia halipo, kama ningekwenda.

Mkewe alituletea chai. Alisema amenisamehe, na alilisema kwa wepesi ambao sikuustahili. Sikuondoka nikiwa na furaha. Niliondoka nikijua kosa langu lilikuwa kubwa kuliko nilivyodhani nilipokuwa njiani kwenda kuliungama. Labda ndivyo msamaha ulivyo kwetu tuliotangulia wengine: hautupunguzii hesabu, unatupa nguvu ya kuisoma yote.

Nimeiandika barua ya binti. Sikuandika kwamba ana moyo safi, maana sijui, wala yeye hajui, na Mungu anayejua hajaniambia. Akiwa kazini ataitaka fedha, na ni haki yake. Atapenda kusifiwa, na atakuja kusifiwa. Iko siku atachoka na wageni wanaouliza swali moja mara kumi. Hayo yote yatakuwamo. Niliandika kwamba ni mwaminifu, kwamba hushiriki ibada, na kwamba usiku mmoja gizani, bila mtu kumtuma, alihesabu watu wote mpaka aliyekuwa nyuma ya basi.

Aliniuliza kama afute ile mistari yake miwili. Nilimwambia aiache, kisha aongeze wa tatu. Akaandika pale pale mezani, akanionyesha: "Na ninapenda kujua kila mtu yuko wapi."

Ndugu msomaji, usiku wa leo kabla ya kulala, wataje kwa majina wale wanaotembea nyuma yako. Anza na wale wanaokusifu, kwa kuwa hao utawakumbuka upesi. Kisha endelea mpaka umfikie mwenye mzigo mzito na asiye na koti. Ukishindwa kulitaja jina lake, usilale kwanza. Kesho asubuhi nenda ukamtafute.